Madoa ya uso na mashine ya mwanga: niliungua, someni kabla hamjaenda

Binti Chuno (mleta uzi)

Habari za jioni ndugu zangu, na wa kusini wenzangu, Mtwara kuchele. Uzi ni mrefu, mnivumilie. Naandika kwa sababu juzi mtoto wa dada yangu aliniambia anadunduliza hela aende Dar "kupigwa mwanga" usoni kama nilivyopigwa mimi. Nilimkalisha jikoni karibu na dirisha nikamwonyesha shavu langu bila poda. Alinyamaza. Baadaye nikawaza wapo wengi kama yeye ambao sina namna ya kuwakalisha jikoni kwangu.

Mimi ni mweusi, si maji ya kunde, mweusi wa kwetu. Baada ya mtoto wa pili nilitokwa na mabaka ya kahawia mashavuni na juu ya mdomo. Ya juu ya mdomo ndiyo yaliyoninyima raha, maana kwa mbali yanaonekana kama masharubu. Nauza vitenge, nashinda nikitazamana na watu, na kila mteja wa tatu ananiuliza naumwa nini.

Mwaka jana mwezi wa saba nilikwenda Dar kufuata mzigo, rafiki akanipeleka saluni moja ya urembo. Siitaji jina, wala msinifuate inboksi kuniuliza, sikuja kushitaki mtu. Dada wa pale hakuniuliza lolote: si dawa ninazomeza, si krimu ninayopaka, si kama mwili wangu una tabia ya kuotesha makovu. Alinipaka jeli ya baridi, akanivisha miwani ya giza, akaanza. Kila pigo ni kama mpira wa kufungia noti umevutwa ukaachiwa usoni. Nilisikia harufu ya nywele zinazoungua, nikadhani ni malaika tu, vile vinyweleo laini vya shavuni. Nikamwambia inachoma. Akaniambia, "Vumilia, ndiyo inafanya kazi."

Usiku ule sikuweza kulaza shavu kwenye mto. Saa kumi na mbili asubuhi nikapanda basi kurudi, nikakaa dirishani mkono wa kushoto. Anayesafiri njia hii anajua: asubuhi ukielekea kusini, jua lote linaingia upande ule. Nilikuja kujifunika kanga tunavuka daraja la Mkapa pale Rufiji, na nilikuwa nimeshachelewa. Nangurukuru niliposhuka nikajitazama kwenye kioo cha pembeni cha basi. Shavu la kushoto lilikuwa na vimistatili vilivyopangana kama vigae vya sakafu, kila kimoja na kingo zake zimenyooka. Ndilo umbo la kichwa cha ile mashine. Juu ya viwili kulikuwa na malengelenge.

Nyumbani nikaharibu zaidi. Nikapaka dawa ya meno. Siku ya nne magamba yakaanza kuinuka, na Jumamosi kuna harusi ya wifi yangu, basi nikayabandua kwa kucha. Chini yake ngozi ilikuwa ya waridi. Kufika mwezi wa tisa vile vigae vilikuwa vyeusi kuliko madoa niliyokwenda kuyaondoa, na karibu na sikio kimoja kimekuwa cheupe kama kimemwagikiwa jiki.

Sasa ni mwezi wa kumi tangu siku ile. Kuna kilichopona na kuna kisichopona. Nitaeleza, ila naomba kwanza wenye ujuzi waingie, kwa sababu mimi nilielewa jambo moja kwa kuchelewa: ile mashine haijui doa. Inajua weusi tu. Na weusi ndiyo ngozi yangu yote.

Mama wa Ng'apa

Pole sana dada. Nimesoma hapo kwenye harusi mkono umeenda wenyewe shavuni.

Tabibu wa Masasi

Pole dada Chuno, na umeliweka vizuri kuliko tulivyofundishwa darasani. Mimi ni afisa tabibu, nimepitia mafunzo ya ngozi Moshi, kwenye kile kituo cha mafunzo ya ngozi cha hospitali ya KCMC kilichoanza 1992. Niwaeleze kinachotokea ndani, maana ukikijua hutadanganywa kirahisi.

Rangi ya ngozi inatoka kwenye chembe ziitwazo melanini. Melanini inafyonza mwanga na kuugeuza kuwa joto. Mwaka 1983 watafiti wawili wa Marekani, Anderson na Parrish, walieleza kanuni hii: ukichagua mwanga unaofyonzwa na kitu unachokilenga, ukaupiga kwa muda mfupi sana, kitu kile kitaungua kabla joto halijasambaa kwa majirani zake. Leza nyingi za ngozi zimesimama hapo. Kwa mtu mweupe mwenye doa la jua, doa ni jeusi na ngozi inayolizunguka haina rangi nyingi. Mwanga unakwenda kwenye doa, siku chache doa linakolea kama unga wa kahawa, linapukutika, basi.

Sasa mlete mtu mweusi. Melanini imejaa kwenye tabaka la juu, kila mahali. Mwanga hauvuki mpaka kwenye doa bila kulipia ushuru njiani, na ushuru ni joto. Ngozi nzima inapikika.

Hiyo aliyopigwa dada huenda ni IPL. Wengi wanaiita leza lakini si leza. Leza ina urefu mmoja wa wimbi. IPL ni taa kali inayotoa mchanganyiko wa mawimbi, takriban nanomita 500 hadi 1200, na mawimbi mafupi katika huo mchanganyiko ndiyo ambayo melanini inayapenda kuliko yote. Kuna vichujio vya kuyakata, lakini kwa ngozi nyeusi hata hivyo usalama wake ni mdogo, na wataalamu wengi hawaitumii kabisa. Kuna leza iitwayo Nd:YAG, ya nanomita 1064, inayopita tabaka la juu bila kufyonzwa sana. Hiyo ndiyo salama zaidi kwetu, na salama zaidi si sawa na salama. Mikononi mwa asiyejua nayo inaunguza.

Mashine nyingi zina kipimo cha aina za ngozi, namba moja hadi sita, anachokichagua mpigaji kabla ya kuanza. Kilitokana na daktari Thomas Fitzpatrick wa Marekani, mwaka 1975. Mwanzoni kilihusu ngozi nyeupe peke yake. Ya tano na ya sita, ambazo ndizo zetu, ziliongezwa baadaye. Kwa hiyo swali la kwanza kumuuliza mpigaji ni hili: umeniweka namba ngapi? Akibabaika, shuka kitandani.

Fundi wa Shangani

Mimi nina saluni hapa mjini na nimesoma kila neno. Tabibu, naomba uniambie ukweli. Niliagiza mashine ndogo ya IPL mwaka juzi, hasa kwa kuondoa nywele, na wateja wakaanza kuomba madoa. Nimewapiga watatu. Mmoja mwenye asili ya Kiarabu alitoka vizuri sana. Wawili wengine hawakurudi, na mimi nilijiambia wameridhika. Leo nalala na wasiwasi.

Tabibu wa Masasi

Fundi, nakushukuru kwa kusema hadharani. Watafute hao wawili. Usiwapigie kuomba radhi tu, waone uso kwa uso, kwa sababu jeraha la namna hii likiwahiwa linaacha alama ndogo.

Kuhusu mashine, iweke pembeni kwa upande wa madoa. Si suala la mkono wako kuwa mwepesi. Doa la uso linatakiwa kwanza lijulikane ni nini, na wewe hujafundishwa kulitambua. Kuna doa la jua, kuna weusi unaobaki baada ya chunusi, kuna melasma, yaani mabaka ya kahawia ya usoni, kuna madoa ya krimu, na mara chache kuna saratani. Ukiipiga saratani kwa mwanga, rangi inafifia juu na ugonjwa unaendelea chini. Mgonjwa anakuja kwetu akiwa amepoteza mwaka.

Mabaka ya dada Chuno yaliyoanza baada ya uzazi, mashavu yote mawili na juu ya mdomo, yananukia melasma. Hiyo inachochewa na homoni, jua na joto. Sasa fikiria: ugonjwa unaochochewa na mwanga na joto, unaupelekea mwanga na joto. Unaweza kufifia wiki chache, kisha unarudi umeongeza.

Mpwa wa Nachingwea

Wakuu samahani kuingilia. Mimi ni mwanaume, nilipigwa juzi kwa ajili ya madoa ya chunusi, hapa Lindi. Hakukuwa na miwani, niliambiwa nifumbe macho tu. Kuna lengelenge chini ya jicho la kulia. Kinachonisumbua zaidi ni jicho lenyewe, linauma kwa ndani, na nikitoka nje mwanga unanichoma. Nilidhani ni kawaida. Nifanyeje?

Tabibu wa Masasi

Kaka, acha kusoma uzi huu. Nenda hospitali ya mkoa leo hii, idara ya macho, si kesho. Waambie ulipigwa mwanga mkali karibu na jicho bila kinga. Kope haitoshi kuzuia. Ile rangi ya duara ndani ya jicho nayo ni melanini, inafyonza mwanga kama doa. Jicho linaloumia na kuogopa mwanga baada ya hapo linaweza kuwa na uvimbe ndani. Usiweke dawa ya matone uliyonayo nyumbani. Lengelenge usilitumbue.

Mama wa Ng'apa

Kaka, kama upo mjini na huna wa kukupeleka, andika hapa. Nina kijana wa bajaji.

Bibi wa Mikindani

Wanangu, sikuja kupokea shikamoo, nasoma tu na mjukuu wangu ananiandikia. Nina neno. Sisi tuliobangua korosho kwa mkono tunalijua hili tangu zamani. Mafuta ya ganda yakikurukia, siku ya kwanza unaona wekundu, ya pili lengelenge, halafu ngozi inaambuka na mahali pale panakuwa peusi miezi na miezi. Nina alama kwenye kiganja cha mkono na nyingine kidevuni. Ya kidevuni iliondoka yenyewe kwa kuwa mama alinikataza kuigusa na alinifunga mtandio nikitoka. Ya mkononi nilikuwa naichokonoa, ipo hadi leo, na nina miaka sabini na mbili.

Na liwa tulipaka kwa uzuri, hatukupaka juu ya kidonda.

Tabibu wa Masasi

Shikamoo bibi. Umetoa mfano ambao mimi sikuufikiria na ni uleule kabisa. Mafuta ya ganda la korosho yana asidi kali inayounguza ngozi. Iwe asidi, maji ya moto, chunusi au mwanga, ngozi nyeusi ikijeruhiwa na kuvimba inajibu kwa kumwaga melanini. Ndiyo weusi unaobaki. Ukiichokonoa unaijeruhi upya, inamwaga tena.

Niwaeleze ya kufanya mtu akishaungua, maana nimeombwa inboksi na watu wanne. Saa ile ile, maji safi ya baridi ya kawaida, yatiririke au kitambaa kilicholowa, kama dakika ishirini. Barafu usiiguse moja kwa moja kwenye ngozi, nayo inaunguza. Dawa ya meno, majivu, chumvi, limao, hapana. Lengelenge liache, lile ni plasta uliyopewa bure. Kuosha ni kwa maji na sabuni laini, kukausha ni kwa kubonyeza kitambaa bila kusugua, kisha tabaka jembamba la vaselini ili kidonda kisikauke. Gamba litoke lenyewe. Ukiona usaha, homa, uvimbe unaongezeka au maumivu yanazidi baada ya siku mbili badala ya kupungua, njoo hospitali.

Wekundu na joto dogo la saa chache baada ya kupigwa ni jambo linalotarajiwa. Lengelenge si la kutarajiwa. Mpigaji akikuambia "ni kawaida", ujue anajitetea.

Kijana wa Newala

Tabibu, dukani wanauza krimu wanasema inarudisha rangi haraka baada ya kuungua. Dada yangu anaitumia wiki ya sita sasa, kweli ameng'aa.

Tabibu wa Masasi

Soma boksi. Kama kuna steroidi kali kama betamethazoni au klobetazoli, kung'aa huko ni ngozi kukonda. Daktari anaweza kumpa mtu steroidi kwa siku chache baada ya kuungua kutuliza uvimbe, hilo lipo. Wiki sita usoni bila daktari ni hatari: mishipa inaonekana, chunusi zinafumuka, na ukiacha ghafla uso unawaka moto. Kama ni haidrokwinoni, kemikali ya kung'arisha ngozi, hiyo imepigwa marufuku kwenye vipodozi hapa nchini, na ikitumiwa muda mrefu bila uangalizi inaleta weusi wa bluu uliokaa ndani ambao ni mgumu mno kuondoa. Mlete dada.

Na jingine nililotaka kusema: mtu anayetumia mkorogo asithubutu kwenda kwenye mashine yoyote ya mwanga. Vilevile anayekunywa antibayotiki ya doksisaiklini, kwa sababu inaifanya ngozi isivumilie mwanga, na wengi wanaimeza bila kujua. Na mwenye vidonda vya homa vya mdomoni aseme mapema, joto lile linaweza kuviamsha.

Binti Chuno (mleta uzi)

Narudi na ahadi yangu ya kupona.

Mwezi wa kumi mwaka jana ndipo nilipofika kliniki ya ngozi. Nilitegemea dawa kali. Mama wa pale alinishika kidevu, akanigeuzia dirishani, akaniuliza unakaa wapi sokoni. Nikamwambia meza yangu inatazama magharibi. Akaniambia, "Dawa ya kwanza ni kuhamisha hiyo meza." Nilikasirika njia nzima. Nikahamisha.

Halafu akaniandikia krimu ya kupunguza weusi ya usiku, ya asidi ya azelaiki, na mafuta ya kuzuia jua ya asubuhi na saa sita mchana. Alisisitiza yenye rangi ya ngozi, ile inayofanana na fondesheni, kwa sababu ina oksidi ya chuma na inazuia hata mwanga wa kawaida unaoonekana. Ile nyeupe inazuia miale ya jua isiyoonekana lakini kwa mabaka kama yangu haitoshi. Nikamuuliza kuhusu basi, mbona nilikuwa ndani na dirisha limefungwa. Akasema kioo cha kawaida kinazuia miale inayobabua, ila ile inayozama ndani na kuleta weusi inapita kwa wingi. Miezi yote ile nilidhani kosa langu lilikuwa kukaa dirishani bila upepo, kumbe jua lilikuwa linapita kiooni.

Nilimwambia pia kwamba nimesikia KCMC wanatengeneza mafuta ya jua. Ni kweli, lakini yale ni ya ndugu zetu wenye ualbino, ambao kwao ni suala la uhai. Msiende kuyatafuta kwa njia za panya. Yana wenyewe.

Sijapikia jiko la mkaa tangu mwezi wa kumi na moja, mume wangu amekubali gesi. Vidonge vya uzazi wa mpango nilizungumza na nesi nikabadilishiwa njia. Msiache wenyewe kabla hamjaongea na mtu. Mwezi wa kwanza sikuona chochote. Wa pili sikuona. Wa tatu mtoto wangu mdogo, ambaye alikuwa na tabia ya kugusa kigae kimoja kimoja akihesabu, alihesabu akaishia sita. Vilikuwa saba.

Mpwa wa Nachingwea

Nimerudi wakuu. Ilikuwa uvimbe ndani ya jicho, kwenye ile duara ya rangi, kama tabibu alivyosema. Nimepewa matone mawili tofauti, moja ni la kupanua mboni, kwa hiyo naandika kwa shida, herufi zinacheza. Daktari amesema ningekaa wiki ingekuwa habari nyingine. Narudi Jumatatu kupimwa tena. Lengelenge limekauka, sijaligusa. Mama wa Ng'apa, kijana wako alikataa nauli. Mungu akulipe.

Fundi wa Shangani

Nimewapata wote wawili. Mmoja kweli hana tatizo. Mwingine ana mstari mweusi kwenye taya zote mbili, alikuwa anajifunika ushungi na hakutaka kunitia aibu. Nimempeleka kliniki mwenyewe leo asubuhi na matibabu ni juu yangu. Mashine nimeifunika. Nywele nazo nasubiri kwanza nijue.

Mama wa Ng'apa

Dada Chuno, kile cheupe cha karibu na sikio kikoje?

Binti Chuno (mleta uzi)

Hakijabadilika. Nimehesabu asubuhi hii mbele ya kioo nikiwa na mtoto wa dada yangu: vyeusi vimebaki viwili na vyote vimefifia, kingo zimeanza kuyeyuka. Ya juu ya mdomo yapo kama yalivyokuwa kabla sijaenda Dar. Cheupe kipo kilekile, ukubwa wa punje ya korosho iliyobanguliwa. Tabibu, kitarudi rangi?

Tabibu wa Masasi

Weusi unaobaki baada ya kuungua kwa kawaida unaondoka, miezi sita, mwaka, wakati mwingine zaidi. Weupe ni tofauti. Maana yake chembe zinazotengeneza rangi zimeumia pale. Zikiwa zimezimia tu, utaona vidoti vidogo vya kahawia vikichipua ndani ya baka, kwenye vitundu vya malaika. Zikiwa zimekufa, patabaki hivyo. Chukua kioo, kaa kivulini penye mwanga wa kutosha, tazama ndani ya lile baka kwa makini.

Binti Chuno (mleta uzi)

Tumetazama na mtoto wa dada yangu, yeye ana macho mazuri. Anasema kuna kidoti kimoja, upande wa chini. Mimi sikioni.